Habari za Motokaa Moja na Wenyewe Wake



Waliohudhuria mkutano wetu wa mwaka jana watakumbuka ubishi uliozuka baada ya chakula cha mchana, chini ya mwembe ulio nyuma ya karakana. Ubishi wenyewe ulihusu lori. Lile Bedford la shule, lililotubeba kwenda mashindano ya mpira, kwenda kuchota maji wakati wa ukame, na kwenda stesheni kila muhula ulipokwisha, bado lipo pale pale, limekaa juu ya magogo. Halmashauri yetu ilileta hoja kwamba tuchange fedha, lori litengenezwe, lipakwe rangi, kisha liwekwe karibu na lango kuu liwe ukumbusho. Mara mwenzetu mmoja, aliyekuwa kiranja wa karakana enzi zetu, akasimama na kusema kwamba hatatoa hata senti moja, maana lori lile si lile. Injini, alisema, ilibadilishwa yeye angali kidato cha tatu. Kichwa kilitolewa katika lori jingine lililopinduka. Bodi ya mbao imeundwa upya mara mbili, na chesisi yenyewe imeungwa kwa kipande cha chesisi nyingine. "Sasa mnataka kuweka ukumbusho wa nini?" aliuliza. Dereva wetu wa zamani, ambaye sasa ni mzee sana, alijibu kwa ufupi kwamba yeye katika miaka yake yote hakupata kushuka lori moja akapanda jingine. Watu wakacheka, mwenyekiti akaahirisha hoja, tukaenda kutazama mpira.

Jioni wale wanafunzi waliokuwa wakituandalia chai waliniuliza nani kati ya wawili wale ana haki, wakidhani kwamba mwalimu wa historia, hata akistaafu, lazima awe na jibu. Sikuwa nalo. Lakini nilikumbuka kwamba swali lile lile lilipata kupelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 1990, na jaji akalitolea hukumu. Kilichobishaniwa kule hakikuwa lori bali motokaa ya mashindano aina ya Bentley, na fedha zilizokuwa mezani zilikuwa pauni milioni 10. Mhariri amenipa kurasa chache nieleze habari za motokaa hiyo na watu walioimiliki au kuiendesha.

Kwanza niseme juu ya aliyeiunda. Walter Owen Bentley, ambaye watu wote walimwita W.O., alizaliwa mwaka 1888 na kujifunza kazi katika karakana za reli huko Doncaster, Uingereza. Yaani alikuwa fundi wa magarimoshi kabla hajawa fundi wa magari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibuni injini za ndege zilizotumia pistoni za aluminiamu, na mwaka 1919 akaanzisha kampuni yake, ambayo karakana zake zilikuwa Cricklewood, London. Mteja wa kwanza alipewa gari lake mwaka 1921.

Hapa ipo jambo moja ambalo msomaji alishike, kwa kuwa ndilo lililozaa kesi yote. Kampuni ya Bentley haikuuza gari zima kama tunavyolijua leo. Iliuza chesisi: fremu ya chuma, injini, giaboksi, ekseli, stelingi na magurudumu. Bodi ilitengenezwa na mafundi wengine kwa kadiri mteja alivyotaka. Mmoja alitaka gari la kifahari lenye paa na viti vya ngozi, mwingine alitaka kijigari wazi cha kukimbilia. Baada ya miaka michache mwenye mali aliweza kuivua bodi ile na kuagiza nyingine, kama mtu anayebadili kanzu. Hakuna aliyeona ajabu. Na kwa magari ya mashindano mambo yalizidi, kwani baada ya kila shindano yalifunguliwa skrubu kwa skrubu, na chochote kilichochoka kilitupwa.

Mwaka 1928 W.O. alitoa aina mpya aliyoiita Speed Six. Ilikuwa na silinda sita, ujazo wa lita 6.6 hivi, na katika magari ya mashindano nguvu yake ilifika kama ya farasi 200. Wale mliopenda karakana mtafurahi kusikia kwamba shafti yake ya kemu, iliyokuwa juu ya injini, haikuzungushwa kwa mnyororo wala kwa gia nyingi, bali kwa fimbo tatu zenye kwenda juu na chini, mfano wa zile za garimoshi. Fundi wa reli hakusahau alikotoka. Injini ilikwenda kimya, lakini gari lilikuwa zito. Inasimuliwa kwamba Ettore Bugatti wa Ufaransa, ambaye magari yake yalikuwa madogo na mepesi, aliyaita ya Bentley malori yaendayo kasi kuliko yote duniani. Mwenzetu wa karakana asije akanidai hisa kwa kutumia maneno hayo. Speed Six zilizotengenezwa hazikuzidi 182.

Sasa twende kwa mwenye fedha. Ufundi W.O. alikuwa nao, ila biashara ilimshinda, na mwaka 1926 kampuni yake iliokolewa na kijana aitwaye Woolf Barnato, aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, ambaye akawa mwenyekiti. W.O. tangu siku hiyo akawa mwajiriwa katika kampuni yenye jina lake mwenyewe. Fedha za Barnato zilitoka Afrika. Baba yake, Barney Barnato, alizaliwa katika mtaa wa makabwela mashariki ya London, akaenda Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 1873, akafanya biashara ya almasi hata akawa mmoja wa matajiri wawili wakubwa wa mji ule. Mwingine alikuwa Cecil Rhodes. Wawili hao walishindana, kisha wakaungana katika kampuni ya De Beers, na hundi iliyolipwa mwaka 1889 ili kuinunua kampuni ya Kimberley Central, ambayo Barney alikuwa na sehemu kubwa ndani yake, ilikuwa ya pauni 5,338,650. Barney alifariki mwaka 1897, alipotumbukia baharini kutoka katika meli akiwa safarini kwenda Uingereza. Mwanawe Woolf alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Katika habari nyingi za magari haya, Kimberley hutajwa kwa mstari mmoja tu, kisha msimuliaji hukimbilia kwenye mashindano. Mimi nitakaa kidogo. Shimo la Kimberley lilichimbwa kwa sururu na sepetu tangu mwaka 1871 hata 1914, likafika kina cha mita 240 hivi, na mawe na udongo uliotolewa ulikuwa tani milioni 22. Waliochimba walikuwa Waafrika waliotoka pande nyingi za kusini ya Afrika. Tangu mwaka 1885 makampuni yalianza kuwafungia katika makambi yenye kuta, hawatoki mpaka mkataba uishe, na kabla ya kutoka walipekuliwa hata ndani ya miili yao, isije ikawa wamemeza almasi. Tunapowahesabu wenyewe wa motokaa hii, kwa maoni yangu hesabu ianzie pale, ijapokuwa majina yao hayamo katika kadi yoyote ya gari.

Woolf Barnato alikuwa mtu wa michezo. Alikuwa bondia, mlinda wiketi katika timu ya kriketi ya Surrey, na dereva. Watu wengi walidhani anaendesha kwa sababu kampuni ni yake. W.O., ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alimhesabu kuwa dereva bora kuliko wote aliokuwa nao, kwa kuwa alitii maagizo na hakufanya makosa. Hesabu inamwunga mkono. Barnato aliingia mashindano ya Le Mans mara tatu tu, akashinda mara zote tatu.

Mashindano ya Le Mans, huko Ufaransa, huchukua saa 24, tangu Jumamosi alasiri mpaka Jumapili alasiri, usiku kucha bila kusimama isipokuwa kutia mafuta na kubadilishana madereva. Wakati ule yalipitia barabara za kawaida za mashambani, na mzunguko mmoja ulikuwa kilomita 16 na zaidi kidogo. Mwezi Juni 1929 Bentley walipeleka Speed Six mpya iliyobandikwa namba 1. Barnato aliiendesha kwa zamu na Sir Henry Birkin, aliyejulikana kwa jina la Tim. Waliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, wakamaliza mizunguko 174, karibu kilomita 2,844, na nyuma yao Bentley nyingine zikashika nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Wiki mbili baadaye gari lile lile, safari hii likiendeshwa na Barnato na Jack Dunfee, lilishinda mashindano ya saa sita ya Brooklands, Uingereza.

Mwaka uliofuata lilirudi Le Mans. Kwa kuwa sasa lilikuwa limezeeka kwa umri wa magari ya mashindano, na namba ile ya mwaka wa kwanza haikusahauliwa, watu waliliita Old Number One, yaani Mzee Namba Moja. Lakini lililorudi lilikuwa limefunguliwa na kuundwa upya kwa ajili ya shindano la pili. Chesisi na sehemu nyingine nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Hakuna aliyeuliza swali. Mafundi wa Cricklewood walijua ni gari gani wanalolishughulikia, kama vile dereva wetu alivyojua.

Shindano la mwaka 1930 lilikuwa kali. Wajerumani walileta Mercedes moja tu, lakini ilikuwa na nguvu nyingi na iliendeshwa na Rudolf Caracciola, mmoja wa madereva hodari wa zama zile. Birkin, ambaye safari hii alikuwa katika Bentley ya aina nyingine, yenye mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini, aliifukuza Mercedes kwa nguvu tangu mapema, hata tairi lake likapasuka. Barnato na mwenzake Glen Kidston katika Mzee Namba Moja waliendelea kuibana usiku mpaka ikashindwa, nao wakafika wa kwanza baada ya mizunguko 179. Speed Six nyingine ilikuwa ya pili. Kampuni ikatangaza kwamba imeacha mashindano.

Gari moja kushinda Le Mans miaka miwili mfululizo ni jambo ambalo halijapata kutokea kabla yake. Lakini kama ni gari moja, ndiyo mjadala wetu.

Kabla sijaendelea nitakengeuka kidogo, maana mwaka ule ule wa 1930 Barnato alituachia fumbo la pili. Mwezi Machi, akiwa Cannes kusini ya Ufaransa, alijigamba mbele ya rafiki zake kwamba kulishinda garimoshi maarufu liitwalo Train Bleu, au Garimoshi la Samawati, si kitu. Aliapa kwamba wakati garimoshi litakapofika Calais, pwani ya kaskazini, yeye atakuwa amekwisha vuka bahari na kuwasili katika klabu yake London. Aliondoka tarehe 13 Machi karibu na saa 12 jioni, pamoja na rafiki yake mcheza gofu, Dale Bourn. Mvua ilinyesha, ukungu ukatanda, tairi likapasuka. Aliwasili London siku ya pili saa 9 na dakika 20 alasiri, dakika nne kabla ya garimoshi kufika Calais.

Kwa miaka mingi gari lililosifiwa kwa safari hiyo lilikuwa Speed Six moja nzuri mno ya Barnato, yenye paa lililolala chini na bodi ya mafundi wa Gurney Nutting. Msanii Terence Cuneo aliichora ikikimbizana na garimoshi, na picha ile ikaenea. Baadaye wachunguzi walipofungua vitabu vya kumbukumbu waligundua kwamba gari hilo lilikabidhiwa kwa mwenyewe mwezi Mei 1930, yaani baada ya mbio. Barnato alikuwa ameendesha Speed Six nyingine, ya bodi ya kawaida yenye milango minne, iliyotengenezwa na H.J. Mulliner. Hata hivyo lile la kwanza huitwa kwa jina la garimoshi mpaka leo. Hapa tuna gari ambalo vyuma vyake ni vile vile, ila kisa si chake. Mzee Namba Moja ni kinyume chake kabisa.

Turudi kwake. Mwaka 1931 ulikuwa mbaya. Glen Kidston alikuwa afisa wa zamani wa jeshi la maji na mtu ambaye mauti yalimkosakosa. Mwezi Novemba 1929 ndege ya Kijerumani aliyokuwamo ilianguka kusini ya London, na yeye peke yake akapona. Aprili 1931 aliruka kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa siku sita na nusu, upesi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Mei, ndege nyingine aliyokuwa akisafiria ilivunjika katika milima ya Drakensberg, naye akafariki.

Mwezi Julai mwaka huo huo kampuni ya Bentley ilifilisika. Dunia nzima ilikuwa imekumbwa na msukosuko wa uchumi, magari ya bei kubwa hayakununuliwa, na Barnato safari hii hakukubali kutoa fedha zaidi. Novemba ikanunuliwa na Rolls-Royce. W.O. akajikuta amechukuliwa pamoja na mali, kama moja ya mashine za karakana. Aliondoka mwaka 1935 kwenda kuunda magari ya Lagonda, na alifariki mwaka 1971.

Mzee Namba Moja lakini halikufilisika. Barnato alikuwa nalo, na lilivuliwa tena bodi, likavikwa nyingine nyembamba, likapelekwa Brooklands. Uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 1907, ulikuwa wa zege, na kwenye kona barabara iliinuliwa upande mmoja kama ukuta ili magari yapite bila kupunguza mwendo. Oktoba 1931 Jack Dunfee na Cyril Paul walishinda hapo mashindano ya maili 500 kwa wastani wa kilomita 190 kwa saa. Basi gari likafanywa kubwa zaidi kwa mwaka wa pili. Liliwekwa injini ya lita 8, ya aina ya mwisho iliyoundwa na W.O. kabla ya kampuni kuanguka, na fremu yake ikabadilishwa kwa nyingine nzito.

Tarehe 24 Septemba 1932 liliingia tena katika maili 500. Jack Dunfee aliendesha zamu ya kwanza, akashuka, akampisha Clive, ndugu yake wa tumbo moja. Clive hakuwa mgeni wa mashindano, lakini hakupata kuzoea zamu yake siku ile. Akiwa juu kabisa ya kona ya ukuta, gurudumu lilipita ukingo. Gari likaruka nje ya uwanja, likaporomoka upande wa pili katikati ya miti. Clive Dunfee alifariki pale pale. Kaka alikuwa bado yupo uwanjani, ametoka kuvua miwani yake muda mfupi tu.

Mwenzetu wa karakana, nilipomsimulia mpaka hapa, alisema, "Basi hapo gari limekufa." Mtu anaweza kukubaliana naye. Lakini Barnato hakulitupa. Vyuma vilivyosalia viliokotwa, fremu na ile injini ya lita 8 vikatengenezwa, na safari hii likavikwa bodi yenye paa, likawa gari la barabarani. Halikurudi mashindanoni tena. Barnato mwenyewe alifariki mwaka 1948. Binti yake, Diana, aliyekuwa akirusha ndege mpya kutoka viwandani kwenda vituo vya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuruka kwa kasi iliyopita ile ya sauti. Nadhani baba angefurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa motokaa zote.

Miaka mingi ikapita, gari likawa katika mikono ya wapenzi wa magari ya kale. Mmiliki wa mwisho katika habari hizi ni Mwingereza aitwaye Hubbard, ambaye alilirudishia umbo la wazi kama la zamani za Le Mans. Mwezi Aprili 1990, wakati bei za magari ya kale zilipokuwa zimepanda hata zikashangaza walimwengu, alikubaliana kuliuza kwa kampuni iitwayo Middlebridge Scimitar kwa thamani ya pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akarudi nyuma. Akasema, hili si Mzee Namba Moja. Hubbard akaenda mahakamani kudai mkataba utimizwe.

Jaji aliyesikiliza alikuwa Otton, na hukumu ilitolewa mwezi Julai 1990. Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja, na kwa mwalimu wa historia ni chakula kitamu, maana jaji alilazimika kufanya kazi yetu: kuchukua kila kipande cha chuma na kuuliza umri wake na kilikotoka. Mashahidi mabingwa waliletwa wa pande zote mbili. Hesabu ilikuwa ya kusikitisha kwa anayependa vyuma. Katika gari lililoshinda mwaka 1929 hakikubaki kitu, au kilibaki kidogo mno. Katika lile la mwaka 1930 vilionekana shafti ya pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya stelingi. Fremu na injini vilikuwa vya mwaka 1932, vya gari lililomwua Clive Dunfee. Mengine yalikuwa ya baadaye.

Kama ni mizani ya vyuma, Hubbard alikuwa ameshindwa. Lakini jaji aliyatenganisha maneno mawili ambayo sisi katika mazungumzo huyachanganya. La kwanza ni asilia. Gari hili, alisema, si asilia, na asijitokeze mtu kuliuza kwa jina la gari lililoshinda Le Mans bila kueleza zaidi. La pili ni halisi, na hapo alimpa Hubbard haki. Hoja yake ilikuwa kwamba mabadiliko hayakuja kwa mkupuo mmoja. Kipande kipya kiliingia penye vya zamani, vikafanya kazi pamoja, kipya kikawa mwenyeji, ndipo kingine kikabadilishwa. Hapakuwa na siku ambayo mtu angeweza kusema, jana lilikuwa Mzee Namba Moja na leo ni jingine. Tena hapakuwa na gari jingine lolote duniani lenye kudai jina lile. Na kilichokuwa kikiuzwa, alisema, hakikuwa chuma peke yake, bali pia historia ya gari na sifa zake. Mnunuzi akaamriwa kutimiza mkataba.

Hukumu hiyo ina watu wasioipenda mpaka leo, na mimi sina budi kukiri kwamba hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba kwa kanuni ile mjanja aweza kuchukua kasha la giaboksi, akajenga gari zima kulizunguka, kisha akadai mamilioni. Kwa upande wangu naona jaji aliiona hatari hiyo, ndiyo maana alitia mkazo kwenye mfululizo. Kasha la giaboksi lililookotwa jalalani na kuvikwa gari jipya limekatika uzi. Gari ambalo halikupata kutoka katika kazi, likabadilishwa kwa sababu lilitumika, halikukatika. Ila ushahidi wa mfululizo uwepo: vitabu vya karakana, picha, hati, na watu walioshuhudia. Hubbard alishinda kwa makaratasi kuliko kwa vyuma. Aliyetaka kujua kipande kipi kiliingia mwaka gani aliweza kuonyeshwa.

Na hapa ndipo lori letu lina udhaifu. Nimekwenda ofisi ya shule kutafuta kitabu cha gari. Kipo kimoja, kuanzia mwaka 1983. Vya kabla ya hapo vililiwa na mchwa. Kwa hiyo nilimtembelea dereva wetu nyumbani kwake, nikachukua daftari, na yule mwenzetu wa karakana akakubali kuja, ingawa alisema anakuja kunisahihisha tu. Tulikaa tangu asubuhi hata adhuhuri. Injini ya sasa ni ya tatu. Ya kwanza ilikufa kwenye mlima, tukirudi mpirani, na wengi wenu mlisukuma. Kichwa kilibadilishwa wakati wa likizo, ndiyo maana hatukuona. Chesisi iliungwa nyuma ya ekseli ya mbele, na aliyeiunga, ikabainika, ni yule yule mwenzetu, akiwa kidato cha nne, chini ya usimamizi wa mwalimu wa ufundi. Dereva alimkumbusha. Yeye alinyamaza kidogo, akaomba daftari, akachora mahali penyewe pa maungio, na akaandika vipimo.

Hoja itarudi mkutanoni mwaka huu. Halmashauri imekubali kwamba lori likiwekwa langoni, kibao chake kiorodheshe kila sehemu na mwaka wake, bila kuficha. Orodha yetu bado ina mapengo mawili: hatujui bodi ya kwanza ya mbao iliondolewa lini, wala mlango wa kushoto umetoka wapi. Aliye na picha yoyote ya lori kabla ya mwaka 1983, hata kama lenyewe limeonekana nyuma ya vichwa vya watu, tafadhali aje nayo siku ya mkutano. Tutaipiga nakala na kumrudishia siku hiyo hiyo.